Gemu Haijatoka, Pesa Yako Itoke ya Nini?

Kila mwaka mwezi Julai, wakati watu wa Itaka wako mashambani wakichuma kahawa na wengine wanasubiri malipo ya AMCOS, yaani chama chao cha ushirika, kampuni ya EA Sports hutangaza gemu yake mpya ya mpira na papo hapo huanza kupokea pesa za watu. Gemu yenyewe hutoka mwishoni mwa Septemba. Kwa miezi miwili hivi mnunuzi ameshalipa, kampuni imeshapokea, na kitu chenyewe hakipo. Miezi hiyo ndiyo ambayo pesa inaonekana mikononi mwa watu wilayani Mbozi, hata kwa vijana waliokuwa vibarua wa kuchuma. Kwa hiyo ninaandika kwa ajili ya kijana mwenye PlayStation nyumbani, kwa mwenye banda la gemu anayetafuta cha kuwavuta wateja, na kwa mzazi anayeombwa pesa ya kitu asichokijua.

Msimamo wangu ni kwamba gemu ambayo haijatoka usiilipie. Usiilipie yote, usiilipie nusu, wala usiache kishika nafasi kwa mtu yeyote. Subiri itoke, watu waicheze, wanaojua waseme, ndipo ufungue mfuko.

Mkulima wa kahawa hahitaji somo refu kuhusu jambo hili. Kule Kagera kuna mtindo unaoitwa butura, ambapo mnunuzi anampa mkulima pesa wakati kahawa bado iko mtini. Serikali imeupiga vita kwa miaka mingi kwa sababu unamnyonya mkulima. Lakini mtazame mnunuzi wa butura: ametanguliza pesa, amebeba hatari ya mvua na wadudu, na kwa sababu hiyo amejipunguzia bei. Anayelipia gemu kabla haijatoka amefanya nini? Ametanguliza pesa, amebeba hatari yote, halafu amelipa bei ya juu kuliko zote ambazo gemu hiyo itawahi kuuzwa. Sijui biashara nyingine ambayo mtu anakubali masharti ya namna hiyo kwa hiari yake.

Zamani kulikuwa na sababu. Gemu zilikuwa zinauzwa kwa CD tu, duka linaleta nakala chache, na usipoweka oda unakuta zimeisha. Leo sehemu kubwa ya gemu zinauzwa kwa kupakua mtandaoni, na kitu cha kupakua hakiishi dukani. Sababu imekufa, tabia imebaki, na kampuni zinaitunza kwa vijizawadi: jezi ya ziada, mchezaji mmoja maarufu, au ruhusa ya kuanza kucheza siku saba kabla ya wengine ukinunua toleo la bei kubwa la karibu dola 100. Jiulize kama siku saba za kutangulia kucheza zina thamani ya dola 30 za nyongeza kwa mtu anayeishi kwa jasho lake.

Nitaje yaliyotokea, maana haya si maneno ya kutishana tu. Tarehe 10 Desemba 2020 ilitoka Cyberpunk 2077, gemu iliyosubiriwa kwa miaka mingi. Kampuni iliyoitengeneza, CD Projekt ya Poland, ilisema watu milioni 8 walikuwa wameilipia kabla. Kwenye PlayStation 4 ilikuwa inakwama, watu na magari yanatokea hewani na kupotea, na mara kwa mara inajizima. Wiki moja baadaye Sony waliiondoa kwenye duka lao la mtandaoni, ikarudi Juni 2021. Matengenezo makubwa kabisa yalikuja Septemba 2023, na hapo ndipo sifa zake zilipopanda kweli. Lakini matengenezo hayo hayakuletwa kwenye PlayStation 4. Mwenye PS4 aliyelipa mapema 2020 alilipia ahadi ambayo mashine yake haikutimiziwa mpaka leo.

Wapenzi wa mieleka wanaikumbuka WWE 2K20, iliyotoka Oktoba 2019 ikiwa na makosa mengi mpaka kampuni ikaamua kutotoa toleo la mwaka uliofuata. Aliyevumilia alikuja kununua WWE 2K22, Machi 2022, ikiwa kitu cha maana. Hata gemu ya bure haikuepuka. Konami walipoigeuza gemu yao ya mpira, PES, kuwa eFootball, Septemba 2021, walipokea pia oda za kifurushi cha kulipia cha dola 40. Gemu ilitoka na sura za wachezaji za kuchekesha, Konami wakaomba radhi, toleo la kweli likasogezwa hadi mwaka uliofuata, na oda zote zikafutwa na pesa kurudishwa.

Mfano unaonisumbua zaidi ni wa Concord, kwa sababu unaonyesha kwamba hata kampuni kubwa kama Sony yenyewe inaweza kuuza kitu kisichodumu. Concord ilitoka tarehe 23 Agosti 2024 kwa dola 40, ikazimwa tarehe 6 Septemba. Wiki mbili! Walionunua kwenye duka la Sony walirudishiwa pesa. Sasa fikiria mtu aliyempa pesa taslimu jamaa wa mtaani aliyedai ana njia yake ya kununua mtandaoni. Pesa hurudi ilikotoka, yaani kwenye kadi au akaunti ya huyo jamaa. Kama atakutafuta akurudishie, hiyo ni juu ya uungwana wake.

Na hapa kuna jambo ambalo wanunuzi wengi wa Ulaya hawalijui na sisi tunalijua. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambazo Sony wanafungua akaunti za PlayStation Network (PSN). Watu wetu wanafungua akaunti kwa kuandika Afrika Kusini, Uingereza au Marekani, kisha wananunua kadi za salio za nchi hiyo hiyo, maana kadi ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Afrika Kusini. Inafanya kazi, lakini umesimama kwenye nyumba ya kupanga isiyo na mkataba. Mei 2024 Sony waliwataka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta waunganishe akaunti ya PSN, na gemu hiyo ikaondolewa sokoni kwenye nchi zaidi ya 170 zisizo na huduma hiyo. Wachezaji wa dunia nzima walipiga kelele na Sony wakaacha sharti lao. Mtu aliye kwenye hali kama yetu ana sababu ya ziada ya kutolipa mapema, kwa kuwa mambo yakiharibika mlango wa kudai haki uko mbali naye.

Kama unacheza kwenye kompyuta, hali ni nafuu. Duka la Steam linakurudishia pesa ukiomba ndani ya siku 14 tangu ununue, mradi hujacheza zaidi ya saa mbili. Hiyo ni nafasi nzuri ya kujaribu, na itumie. Kwenye duka la Sony haki ya kurudishiwa kwa kawaida inapotea ukishaanza kupakua, kwa hiyo usibonyeze kitufe cha kupakua kabla ya kusoma maoni ya waliokutangulia.

Sasa tuje kwenye kuchagua, maana kutotanguliza pesa ni nusu tu ya kazi. Anza na mashine uliyonayo. Hili linaonekana jepesi, lakini ndiko pesa nyingi zinakopotelea. Gemu ya mwisho ya FIFA kutengenezwa kwa ajili ya PlayStation 2 ilikuwa FIFA 14. Ya mwisho kwa PlayStation 3 ilikuwa FIFA 19. Kwa hiyo ukiona CD imeandikwa "FC 25 PS2" au "FC 25 PS3" (FC ndilo jina jipya la gemu hiyo ya FIFA), ujue fundi amechukua gemu ya zamani akabadilisha majina, jezi na usajili. Wengine wanafanya kazi hiyo kwa ustadi, na mtoto atafurahi kumwona mchezaji wake kwenye timu mpya. Ila ni nakala isiyo na idhini ya mwenye haki, na hata ukiamua kuichukua, bei yake ni ya CD ya kuchoma. Anayekutajia bei ya gemu mpya kwa kitu hicho anakuibia.

Mwenye PS4 ana bahati, maana gemu za mpira bado zinatoka kwa mashine yake. Hata FC 26 ya Septemba 2025 ipo. Lakini kwenye ngumi na mateke mlango umeanza kufungwa. Tekken 7 inacheza PS4, Tekken 8 ya Januari 2024 inataka PS5. Mortal Kombat 11 inacheza PS4, Mortal Kombat 1 ya Septemba 2023 haichezi. Majina yanafanana na picha za matangazo zinafanana, na muuzaji mwenye haraka hatakukumbusha.

Ukiwa dukani Tunduma, Vwawa au hata Mbeya, lichukue boksi uligeuze. Mgongoni kuna maandishi madogo ambayo ndiyo yenye ukweli kuliko picha ya mbele. Tafuta idadi ya wachezaji: 1–2 au 1–4 maana yake mnaweza kukaa watu na padi zenu mbele ya televisheni moja, lakini idadi iliyoandikwa pamoja na neno "online" ni ya watu walioungana kwa intaneti, kila mmoja kwake. GTA V, kwa mfano, haina namna ya watu wawili kucheza kwenye mashine moja. Kwa banda la gemu hilo peke yake linatosha kubadilisha uamuzi. Tafuta pia nafasi inayohitajika, imeandikwa kwa GB. Kisha angalia kama kuna onyo kwamba intaneti ni lazima. Baada ya hapo fungua boksi, itoe CD, iinamishe kwenye mwanga. Michubuko midogo kama nywele mara nyingi haina shida. Mkwaruzo mrefu unaozunguka kama duara uogope. Halafu omba ichezwe hapo hapo dukani mpaka ifike kwenye mechi yenyewe. Kuona nembo tu hakutoshi.

Nimesisitiza CD kwa sababu kwa mtu wa Itaka CD bado ni bora kuliko kupakua, kwa sehemu kubwa. Gemu kubwa siku hizi inafika GB 100, na wengi wetu intaneti yetu ni bando la simu. GB 100 ni mabando kumi ya GB 10, na umeme ukikatika katikati unasubiri tena. CD unaweza kuiuza ukiichoka, unaweza kubadilishana na jirani, unaweza kumwazima mdogo wako aliyeko Mlowo. Ya kupakua imefungwa kwenye akaunti. Lakini CD nayo isikudanganye. Call of Duty: Modern Warfare II ilipotoka Oktoba 2022, CD yake ya PS5 ilikuwa na MB 70 hivi tu, mengine yote ulitakiwa uyapakue. Mtu aliyeinunua akidhani amekwepa gharama ya bando alikuwa amenunua ufunguo bila nyumba. Na kuna The Crew, gemu ya magari ya Ubisoft ya 2014, iliyohitaji intaneti hata ukicheza peke yako. Tarehe 31 Machi 2024 kampuni ilizima mitambo yake na CD zote duniani zikawa hazina kazi. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji, na kulihakikisha mwenyewe kwa simu kabla ya kulipa, ni hili: nikiizima intaneti kabisa, gemu hii inacheza?

Zinazocheza bila intaneti ni nyingi na ndizo ninazozipenda kwa mazingira yetu. God of War ya 2018 iko kwenye CD, ni hadithi ya baba na mwana ambayo inakuchukua wiki kadhaa za jioni, na bei yake imeshuka sana. Gemu ya miaka mitano iliyosifiwa na kila mtu haiozi. Wala usidharau gemu ndogo. Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, baada ya kufiwa na baba yake alitengeneza Tales of Kenzera: Zau, iliyotoka Aprili 2024 kwa dola 20. Imejengwa juu ya masimulizi ya watu wa Kibantu, na unaweza kuichagulia sauti za Kiswahili. Kumsikia shujaa wa gemu akizungumza lugha yako mwenyewe ni furaha ambayo kizazi changu hakikuipata. Haichezi PS4, inataka PS5 au kompyuta au mashine nyingine mpya, na ndiyo maana nilisema uanze na mashine.

Mwenye banda afanye hesabu tofauti, kwa sababu kwake gemu ni mtaji. Gemu mpya ya mpira ni karibu dola 70. Ukikadiria dola moja kwa shilingi 2,500, hiyo ni shilingi 175,000. Kama mechi unatoza shilingi 300, unahitaji mechi zaidi ya 580 kurudisha bei ya CD hiyo moja, kabla hujalipa umeme, kodi ya chumba na padi zinazochakaa. Sasa jiulize kwa dhati: je, wateja wako wataongezeka kwa sababu ya gemu mpya, au watacheza mechi zile zile walizokuwa wanacheza kwenye ya mwaka jana? Kinachowasumbua wateja mara nyingi ni usajili, mchezaji wao amehama na gemu bado inamwonyesha kwenye timu ya zamani. Kwa bahati nzuri gemu ya mpira haikai na bei yake. Ya Septemba ifikapo mwishoni mwa Novemba, kwenye punguzo la mwaka, mara nyingi imeshuka kwa nusu hivi, na waliowahi kuichoka wameanza kuziuza CD zao. Kusubiri wiki tisa hivi kunakuachia pesa ya kununulia padi, na padi mbovu inafukuza wateja haraka kuliko usajili wa zamani. Na kama unataka kuwaridhisha wanaopenda kitu kipya, eFootball ni bure. Gharama yake ni bando la intaneti.

Kuna oda ninayoikubali. Kama gemu imeshatoka, imesifiwa, umehakikisha inacheza kwenye mashine yako, na tatizo ni kwamba haipatikani Songwe, basi kumpa mfanyabiashara unayemjua akuletee kutoka Dar es Salaam ni jambo la kawaida la biashara. Hapo unalipia usafiri wa kitu kilichopo. Toa sehemu ya pesa, si yote. Dai karatasi yenye jina kamili la gemu, aina ya mashine, kama ni mpya au imetumika, siku ya kuletwa, na kwamba usipoletewa unarudishiwa. Muuzaji mwema hataudhika. Wengi wanapenda mteja anayejua anachotaka. Kinyume chake, kaa mbali na wanaouza "akaunti ya kushea" kwenye mitandao ya kijamii, ambapo unalipa nusu bei na kupewa jina na nywila ya mtu mwingine. Siku akibadilisha nywila umepoteza kila kitu, na huna pa kumshtaki kwa sababu akaunti haikuwa yako kamwe.

Wazazi nawaomba jambo moja dogo na moja kubwa. Dogo ni namba iliyo mbele ya boksi: 3, 7, 12, 16 au 18. Ni umri, si kiwango cha ugumu. GTA V ina 18, na kuna sababu. Kubwa ni kwamba gemu ya mpira yenye namba 3 ina ndani yake duka la pakiti za wachezaji, ambapo mtoto analipa bila kujua atapata nani. Ubelgiji iliona hiyo ni kamari, na tangu Januari 2019 EA waliacha kuuza pointi za kununulia pakiti hizo nchini humo. Kwa hiyo kama umemtengenezea mtoto kadi ya mtandaoni kupitia simu yako ili anunue gemu, iondoe kwenye akaunti mara tu gemu ikishanunuliwa. Usimwachie ikiwa na salio.

Na swali ambalo kila kijana anauliza: GTA VI je? Watengenezaji wake, Rockstar, walisema itatoka 2025. Wakaisogeza hadi tarehe 26 Mei 2026. Novemba 2025 wakaisogeza tena hadi tarehe 19 Novemba 2026. Sioni ubaya wa kusogeza. Heri gemu ichelewe kuliko itoke mbovu. Lakini kila aliyemwachia mtu pesa kwa ahadi ya 2025 amekaa bila gemu na bila pesa yake. Wametaja PS5 na Xbox mpya tu, kwa hiyo mwenye PS4 hata akilipa leo hana pa kuichezea. Kama unaitaka kwa moyo wote, weka akiba kwa jina lako, kwenye simu au benki, kidogo kidogo kila msimu. Ikitoka, wape wenzako wiki mbili waicheze. Kisha uliza ni GB ngapi, uliza kama kwenye CD gemu imo nzima, na uliza kama hadithi yake inachezwa bila intaneti. Majibu hayo matatu yakikuridhisha, nenda dukani na pesa yako yote mkononi, na utoke na boksi siku hiyo hiyo.